Kidonge Kisichoyeyuka

Nilishuka Benaco saa tatu asubuhi nikiwa nimechoka kiasi kwamba dereva wa bodaboda aliniuliza mara mbili ninakokwenda ndipo nikamjibu. Basi lilikuwa limetuweka Nyakanazi kwa muda wa karibu saa tano, kisa tairi, na konda akatuambia tuwe na subira kana kwamba tulikuwa na kitu kingine cha kuwa nacho. Nina miaka arobaini na miwili na mgongo wa mtu wa sitini. Kiwandani walinipa ruhusa ya siku saba, na barabara ilikuwa imeshakula mbili.

Sikuja kupumzika. Mama yangu, Domisiana, alikuwa ameanguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja: mara ya kwanza shambani, mara ya pili kwenye ngazi za kanisa baada ya Misa. Tabibu wa zahanati yetu alinipigia simu akasema maneno machache tu. "Dada Tecla, njoo. Presha ya mama yako siielewi, na dawa anayokunywa ni ya kwako."

Ya kwangu kweli. Watu wakisikia nafanya kazi kiwanda cha dawa hudhani nafunga maboksi. Mimi ni fundi wa vidonge. Natengeneza makoti yake, yale magamba laini ya nje ambayo mgonjwa hudhani ni urembo. Kidonge chetu cha presha kina koti gumu la waridi. Maji hupenya kwenye koti hilo kidogo kidogo, lakini koti lenyewe haliyeyuki. Ndani, dawa hulowa, huvimba, na husukumwa nje kupitia kitundu kimoja kidogo kuliko ncha ya sindano. Unakimeza unapokwenda kulala. Saa chache za kwanza kinakaa kimya. Karibu na alfajiri, wakati presha ya watu wengi huanza kupanda, kinaamka na kuanza kutoa dawa, polepole, mpaka jioni ya siku ya pili. Kikimaliza, koti hutoka mwilini jinsi lilivyoingia, ila tupu.

Miaka sita ya maisha yangu imo kwenye koti hilo. Mchumba wangu wa mwisho aliniacha mwaka wa tatu, tulipokuwa bado tunahangaika na unene wake, na nikisema kweli, ilipita wiki nzima kabla sijagundua kwamba ameondoka.

Kidonge kilipoanza kuuzwa, nilimletea mama pakiti za kwanza Desemba. Alizipeleka kwenye jumuiya, akazipitisha mkono kwa mkono kabla ya sala. "Hiki kakitengeneza Tecla," aliwaambia. Baada ya hapo nikawa namtumia kwa basi kila mwezi.

Nilimkuta ameketi barazani, mguu ameunyoosha, shavu la kushoto bado lina rangi ya zambarau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kihangaza chetu. "Umekonda. Huko hamli?"

"Tunakula. Wewe ndiye umeanguka, unaniuliza mimi?"

"Nimeanguka, nimeamka. Kunywa uji kwanza, halafu uende kwa Francisca. Hujampa pole."

Hilo lilikuwa deni langu la aibu. Baba mdogo Anastazi, mdogo wa marehemu baba, alifariki wiki moja baada ya Pasaka, na mimi sikuja kumzika kwa sababu kulikuwa na shehena inayosubiri saini yangu. Boma lao liko upande wa pili wa migomba yetu, hata kuku hawajui mpaka. Baba alipofariki, Anastazi ndiye aliyetulimia misimu miwili bila kuombwa. Mjane wake, Francisca, alinipokea kwa mikono miwili.

"Kalibu, mwanangu. Pore na safari." Akanifutia kigoda kwa upande wa kanga yake. "Baba yako mdogo hakuumwa. Aliamka mzima, akachukua jembe, akaenda kupalilia maharage. Saa nne nikapeleka maji, nikamkuta kalala kifudifudi kwenye mstari wake. Wamesema ni presha."

"Alikuwa nayo siku nyingi?"

"Miaka. Lakini ilikuwa inamsumbua kichwa tu. Haikuwahi kumwangusha."

Nilimpa pole yangu iliyochelewa. Aliipokea kama vile nimeileta kwa wakati, na hilo likanichoma kuliko kama angenisema.

Kutoka hapo nilipitiliza hadi zahanati. Elick, tabibu, ni kijana wa Bisibo kule Biharamulo, mrefu, mwenye utani hata akiwa na foleni ya watu thelathini nje. Siku hiyo utani wake ulikuwa mmoja tu.

"Mganga hajigangi, dada Tecla. Ona hii."

Alinifungulia daftari. Januari, mia na thelathini na nane kwa themanini na nne. Februari hivyo hivyo. Nilivimba kichwa kidogo, nakiri. Kisha Machi katikati mambo yakaharibika. Tangu alipoanguka, Elick alikuwa akimpima mara mbili kwa siku, na namba zilikuwa kama za watu wawili tofauti: asubuhi tisini kwa hamsini, jioni mia na tisini na tano kwa mia na kumi.

"Nikimwongezea dawa, asubuhi itamuua. Nikimwachisha, jioni itamuua," Elick alisema. "Amenusurika mara mbili. Ya tatu sitaki kuiandika humu. Kesho nataka nimsimamishe vidonge hivyo, nimpeleke wilayani."

"Anameza saa ngapi?"

"Anasema kama mlivyoelekezana."

Nilizitazama namba zile mpaka zikaanza kucheza. Nilikuwa naujua mchoro huo. Kule kiwandani tuna vyombo sita vya kioo vyenye maji ya joto la mwili, makasia madogo yanakoroga kutwa kucha, nasi tunachota kidogo kila saa kuona dawa imetoka kiasi gani. Kidonge kizima kinapanda polepole kama mlima wa kwetu. Mara moja, kwa makusudi, tulivunja vidonge ndani ya vyombo vile, na dawa ya siku nzima ikamwagika yote kwa robo saa. Daftari la Elick lilikuwa linaonyesha kitu hicho hicho, ila safari hii chombo kilikuwa mama yangu.

Kama makoti yalikuwa yanapasuka yenyewe, basi si mama peke yake. Shehena ya Machi ilikwenda mikoa saba, na saini iliyo chini ya karatasi yake ni yangu, sawa na ile iliyonizuia kuja mazishini.

"Nipe siku moja," nilimwambia Elick.

"Moja," akasema. "Nina huruma, lakini sina mbili."

Nyumbani nilichukua kidonge kimoja kwenye pakiti ya mama, nikakitia kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, nikaifunika na kisahani juu ya meza ya sebuleni. Mama aliniangalia bila kuuliza. Alikuwa mkimya kuliko kawaida yake, na mimi nikadhani ni ugonjwa. Nikalala na nguo zangu za safari.

Nilipoamka kulikuwa kunapambazuka. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama glasi. Kidonge kilikuwa kimekaa chini kizima, koti halina hata mkwaruzo. Nikamshukuru Mungu, kisha nikabaki nimesimama pale, kwa sababu kama kosa halikuwa kwenye kidonge, sikujua tena pa kulitafuta.

Nikatoka nje kunawa uso. Mama alikuwa anapita uani na kikombe cha bati mkononi, anaelekea nyuma ya jiko.

"Shikamoo mama."

Hakujibu. Alinipita kama mti.

Mama yangu hajawahi kuacha salamu ya mtoto wake bila jibu, hata siku niliyomwambia kwamba siolewi. Nikasimama na maji yananitiririka kidevuni. Ndipo nikamkumbuka bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: dawa ya kusaga hunywewa alfajiri, kabla hujamsalimia mtu yeyote, kwani ukitangulia kusalimia dawa inapoa. Tulipokuwa wadogo tulimcheka, tukamvizia tumsalimie ili atukasirikie kwa macho tu.

Nikamfuata nyuma ya jiko.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya urusyo, lile jiwe la kusagia ulezi alilorithi kwa bibi. Juu ya jiwe kulikuwa na unga mdogo, na unga huo ulikuwa wa waridi. Akaufagia kwa kidole mpaka kwenye kikombe cha uji, akakoroga na kijiti, akakiinua kikombe. Nilikishika kabla hakijafika mdomoni, nusu ya uji ikatumwagikia mikononi.

"Mama, unafanya nini?"

Alinitazama kwa muda. Kisha akaachia kikombe, maana sasa nilikuwa nimeshamsemesha na dawa ilikuwa imeshapoa.

"Marahaba," akasema kwanza. Halafu, "Kaa chini, Tecla."

Nikakaa kwenye kuni.

"Nilikuambia usitafune," nilisema. Sauti yangu ilitoka kali, sikuweza kuizuia. "Nilikuambia!"

"Sikutafuna. Nimesaga."

Kama nisingekuwa nimechoka vile, ningecheka. Yeye hakuwa anatania. Alijifuta mikono kwenye kanga, akaingia jikoni, akatoka na kopo la majani ya chai. Alilishika kifuani kidogo kabla ya kunipa.

"Sikutaka ulione hili," alisema. "Lakini umefika mwenyewe. Vidonge vyako haviyeyuki, mwanangu."

Alilitamka hilo kwa upole ule anaoutumia kuleta habari za msiba. Nikafungua kopo. Ndani, juu ya kitambaa safi, kulikuwa na vidonge vya waridi, vimeoshwa, vimekaushwa.

"Kumi na kimoja," mama alisema. "Wakati wa mvua, kule chooni kunateleza, nikawa natumia ndoo chumbani. Nikakiona. Kizima, na rangi yake. Nikasema labda ni hicho kimoja. Kesho yake tena. Basi nikaanza kuviosha, niviweke mpaka utakapokuja nikuonyeshe. Halafu nikakosa moyo."

"Moyo wa nini?"

"Wa kukuambia. Miaka sita hukuja Krismasi kwa sababu ya kazi hii. Umekosa mume. Na kazi yenyewe inapita kwenye tumbo inatoka ilivyoingia. Nikiwaambia jumuiya, watakucheka. Nikikuambia wewe, utaumia. Nikaona bora nikusaidie." Akaonyesha jiwe kwa kidevu. "Kahawa ina ganda, hatuinywi na ganda lake. Tunakoboa. Nikasema kosa ni ganda tu, ndani dawa ni nzuri. Na kweli, nikisaga nasikia nguvu yake mara moja. Ile ya kwanza ilikuwa haina nguvu kabisa, nilikuwa sisikii kitu."

"Hukutakiwa kusikia kitu, mama."

Niliingia ndani nikachukua wembe. Nikatoa kidonge kimoja kwenye kopo, nikakilaza juu ya jiwe, nikakikata katikati mbele yake. Koti likagawanyika nusu mbili. Ndani hamkuwa na kitu zaidi ya mabaki kidogo yaliyokauka. Nikakata cha pili, cha tatu. Akanizuia mkono kwenye cha nne.

"Vitupu," alisema.

"Vyote. Dawa ilikuwa imeshatoka, yote, tumboni mwako. Kilichokuja kwenye ndoo ni koti. Vilikuwa vimemaliza kazi yao."

Alichukua nusu ya ganda, akaliweka kwenye kiganja, akaligeuza. Uso wake ulinifungukia taratibu, na niliona furaha ndani yake. Kabla ya jambo lingine lolote alikuwa amefurahi kwamba mwanawe hakukosea.

"Kwa hiyo ni kazi nzuri."

"Ni nzuri, mama."

"Basi mbona hukuniambia kwamba ganda linatoka?"

Mstari huo niliuandika mimi mwenyewe kwenye karatasi inayokaa ndani ya boksi: ganda tupu linaweza kuonekana chooni, usishtuke. Nimewaeleza wauguzi na wafamasia kwenye kumbi za hoteli, kwa picha kubwa ukutani, bila haya yoyote. Desemba ile, nikiwa nimekaa na mama sebuleni, nilimsomea karatasi hiyo kwa Kihangaza, na nilipofika kwenye mstari huo nikaikunja na kuirudisha kwenye boksi. Kwetu mtu hazungumzi habari za choo na mama yake. Anayezungumza ni mtu asiyelelewa.

"Niliona haya," nilimwambia.

"Na mimi niliona haya."

Tulikaa. Jogoo wa Francisca aliwika ng'ambo ya migomba, wetu akamjibu. Nilikuwa nahesabu ya kufanya: nimpigie Elick, nimwambie nimeshapata jibu, mama apumzike leo bila kidonge mpaka presha itulie, usiku ameze kizima. Kwa mara ya kwanza tangu Nyakanazi nilihisi mwili wangu unalegea. Mama atapona. Shehena iko salama. Nilitaka kulala pale pale kwenye kuni.

"Ukikisaga, kinafanyaje?" mama aliuliza.

"Kinatoa dawa ya siku nzima kwa mara moja. Presha inaporomoka. Ndiyo maana ulikuwa unaanguka."

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne, saa tano asubuhi. Inategemea."

Aliliweka lile ganda juu ya jiwe, akalisogeza kwa kidole mpaka likakaa sawa na mwenzake.

"Shemeji Anastazi alikuja hapa wiki ile baada ya Pasaka," alisema. "Dawa yake ilikuwa imemwishia. Nikamwambia, usihangaike, mwanao Tecla anatengeneza, ila lazima kusaga. Nikawa namsagia pamoja na yangu. Alikuwa anapitia hapa alfajiri, anakunywa, hatusalimiani, anakwenda shamba."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi tatu." Akanitazama. "Ya tatu ndiyo ile."

Maharage. Saa nne. Kifudifudi kwenye mstari wake.

"Tecla. Ni mimi?"

Jibu lilikuwa mdomoni kabla sijalitafuta. "Hapana, mama. Baba mdogo alikuwa na presha ya miaka mingi. Hata Francisca amesema. Ilikuwa siku yake tu, Mungu alimpenda."

Nilisema vizuri, kwa sauti tulivu, kama nilivyolelewa. Mama alitikisa kichwa polepole.

"Hapo umenijibu kama mtoto wangu," alisema. "Asante. Sasa nijibu kama fundi wa vidonge."

Sijawahi kuchoka kama nilivyochoka dakika ile. Nilitamani aniachie. Nilitamani basi, tairi, foleni ya Elick, kitu chochote cha kusubiri. Lakini macho yake hayakuondoka, na lile kopo lilikuwa katikati yetu.

"Inawezekana," nilisema. "Hakuna wa kupima sasa. Lakini mzee wa umri wake, tumbo tupu, kidonge kizima kimesagwa, halafu jembe na jua. Inawezekana sana."

"Ndiyo."

"Na mstari ule niliukunja mimi, mama. Usijibebeshe peke yako."

"Sijibebeshi. Nauliza tu nijue." Akajishika kwenye ukuta wa jiko, akainuka. "Niletee maji ya kuoga."

Alioga, akavaa kitenge chake cha Misa, akajifunga kilemba. Nikamwambia si lazima leo, aangalie hali yake, Elick hata hajampima. Nikamwambia kuna maneno yakishatoka hayarudi, kwamba watu wa huku tunawajua, kwamba jumuiya nzima itajua kabla ya jioni. Yote hayo yalikuwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anatafuta rozari yake.

"Nikiacha kumwambia Francisca leo, kesho nitapata heshima nyingine ya kunizuia," alisema. "Nishike mkono. Naona kizunguzungu kidogo."

Tulipita kwenye migomba polepole. Mkono mmoja ulikuwa kwangu, wa pili umeshika kopo. Francisca alikuwa uani anapukuchua maharage, maharage yale yale ambayo Anastazi hakumaliza kuyapalilia. Alituona, akasimama, akaanza kutafuta vigoda.

"Kalibuni! Domisiana, unatembea na mguu huo? Si ungeniita?"

Mama alikikataa kigoda. Alisimama wima, akafungua kopo, akalinyoosha mbele ili mwenzake aone yaliyomo.

"Francisca," alisema, "vile vidonge vya mwanangu vilikuwa vizuri."

Francisca alicheka kidogo, akinitazama mimi, akidhani tumekuja kusifiana. Mama akaushika mkono wangu kwa nguvu zaidi, akaendelea.